Machapisho huria: neno "huria" hapa lina maana gani?

Mpwa wangu anasoma kilimo ngazi ya stashahada hapa Mtwara. Jioni moja alinijia na simu mkononi. "Mjomba, mwalimu katuambia tutafute makala za ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Hii nimeiona, lakini kila nikibofya inataka dola thelathini na kitu. Hii nyingine imefunguka yote. Si zote ziko mtandaoni?"

Ndiyo, zote ziko mtandaoni. Lakini ya pili ni chapisho huria na ya kwanza siyo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua nani anasoma utafiti na nani anaishia kwenye kichwa cha habari, kwa hiyo nataka kuieleza polepole kama nilivyomweleza yeye.

Neno huria si geni kwetu. Tuna soko huria, tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo Mtwara na Lindi. Kwenye soko huria hakuna anayekupa kilo ya mchele bila hela, na mwanafunzi wa chuo hicho analipa ada. Huria, basi, haina maana ya bure. Maana yake ni kwamba kizuizi kimeondolewa: sokoni hupangiwi bei na serikali, chuoni huna haja ya kuhamia bwenini ili usome. Chapisho huria ni bure kulisoma, hilo ni kweli, lakini ubure huo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ruhusa.

Wataalamu waliokubaliana juu ya jambo hili walitoa tamko lao mwaka 2002, baada ya kukutana Budapest, Hungaria. Walisema makala za kitaaluma ziwekwe kwenye intaneti ili yeyote aweze kuzisoma, kuzipakua, kuzinakili, kuzisambaza, kuzichapa na kuzitumia kwa jambo lolote halali. Mwandishi abaki na haki ya kutajwa na ya kutoharibiwa kazi yake. Mwaka uliofuata, 2003, likaja tamko jingine la aina hiyo huko Berlin.

Kwa nini walihitaji kusema? Majarida ya kitaaluma ni ya zamani; la Royal Society ya London lilianza 1665. Kwa karne tatu kila nakala ilikuwa karatasi, wino, kiwanda na meli, na msomaji kulipia nakala yake lilikuwa jambo la haki. Kompyuta ikavunja hesabu hiyo. Faili moja linaweza kusomwa na mtu mmoja au watu elfu kumi bila karatasi kuongezeka. Ila ada za majarida mengi hazikushuka. Fikiri mtiririko wenyewe: mtafiti analipwa mshahara, mara nyingi kwa kodi za wananchi, anaandika makala na halipwi na jarida, wataalamu wenzake wanaihakiki na wao pia kwa kawaida hawalipwi, kisha maktaba ya chuo chake inatoa fedha kuinunua kazi hiyo hiyo. Wanafizikia walishaanza kutafuta njia ya pembeni mapema. Mwaka 1991 Paul Ginsparg, akiwa Los Alamos nchini Marekani, alianzisha hazina ya kidijiti ambako watafiti waliweka makala zao wasomane. Leo hazina hiyo inajulikana kama arXiv.

Hazina ya aina hiyo watu wa Kusini tunaweza kuielewa haraka, maana stakabadhi ghalani tunaijua. Mkulima wa korosho anapeleka mzigo kupitia AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, mzigo unaingia ghalani, unaandikwa kwa jina lake. Chuo chenye hazina ya kidijiti kinafanya vivyo hivyo: mwalimu au mwanafunzi aliyemaliza anakabidhi tasnifu au makala, inaandikwa jina na tarehe, inakaa. Ila korosho zikinunuliwa ghala linabaki tupu, na tasnifu hata ipakuliwe mara mia bado ipo. Hii huitwa njia ya kijani.

Njia ya dhahabu ni pale jarida lenyewe linapofungua makala tangu siku ya kwanza. Hapa ndipo roho yangu inapouma. Jarida linaloacha kumtoza msomaji lazima lipate fedha mahali, na mengi yamegeukia kumtoza mwandishi. Ada hiyo mara nyingi huwa dola elfu moja na zaidi. Jarida la Nature lilipofungua njia hii mwaka 2021, ada ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Mtafiti wa Naliendele, kwenye kituo kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, akiwa hana ufadhili ataitoa wapi? Zamani lango lilikuwa kwa msomaji, sasa limehamishiwa kwa mwandishi. Wachapishaji kadhaa husamehe au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, lakini mara nyingi ombi hilo hutakiwa mapema, wakati wa kutuma makala, na wapo wanaolijua wakiwa wamechelewa. Yapo pia majarida yasiyomtoza msomaji wala mwandishi, yakibebwa na vyuo au taasisi. Huitwa ya almasi, na kwa maoni yangu vyuo vyetu viweke nguvu huko.

Ada hizo zimezaa matapeli. Unapata barua pepe ya kukusifia, unaombwa makala, inakubaliwa ndani ya siku mbili tatu bila mhakiki yeyote kuisoma, kisha inakuja ankara. Kabla ya kutuma kazi, angalia kama jarida limo kwenye orodha ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kwa kazi hiyo ya kuorodhesha majarida huria yanayoaminika.

Turudi kwenye ruhusa. Ruhusa huandikwa kwa leseni, na zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Ukiona CC BY, unaweza kunakili, kusambaza na hata kutafsiri, mradi umtaje mwandishi, uonyeshe leseni na useme umebadilisha nini. Zikiongezwa herufi NC, usifanyie biashara. Zikiongezwa ND, unaweza kuisambaza kama ilivyo tu, na tafsiri yako huruhusiwi kuitoa kwa watu. Kwetu sisi hizo herufi mbili za mwisho ni nzito kuliko bei. Mkulima wa Tandahimba anayeona unga mweupe ukishika maua na majani machanga ya mkorosho wake anahitaji maelezo kwa Kiswahili. Makala ikiwa CC BY, bwana shamba anaweza kutafsiri sehemu ya salfa, dawa ya ugonjwa huo, akatoa nakala ishirini steshenari na kuzibandika kwenye ofisi ya AMCOS bila kumwandikia mtu barua. Ikiwa bure kusoma lakini imefungwa kutafsiri, imemfikia bwana shamba na kukomea kwake.

Lindi ina mfano mkubwa zaidi. Kati ya 1909 na 1913, kwenye kilima cha Tendaguru, mamia ya wenyeji walichimba mifupa ya dinosaria, wakaibeba hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapelekwa Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Dinosaria mmoja mkubwa sana, mwenye urefu wa kwenda juu unaozidi mita 13, amesimamishwa kwenye makumbusho huko hadi leo, na Werner Janensch alimweleza kitaalamu mwaka 1914, kwa Kijerumani. Kwa miaka mingi mwalimu wa Lindi aliyetaka kusoma habari za kilima cha mkoa wake mwenyewe angehitaji maktaba ya Ulaya. Sasa Fossil Record, jarida la makumbusho hayo hayo, ni huria. Mifupa iko kule, lakini makala za jarida hilo zinafunguka kwenye simu ukiwa Lindi mjini, kama una bando na unajua Kiingereza. Sharti la kwanza linapunguka ukipakua faili mara moja na kuwagawia wenzako. La pili linahitaji watu wa kutafsiri.

Mpwa wangu alisikiliza, kisha akaniuliza kama anaweza kumtafsiria babu yake ile makala iliyofunguka. Tukatafuta leseni, tukaikuta chini ya ukurasa wa kwanza: CC BY. Ameanza na aya ya salfa.