Ufagio wa trekta: shafti, na ile alama ya vumbi

Wateja wananipigia, "fundi ufagio mbovu, nyuzi zimeisha hata miezi miwili haijafika", nikienda nakuta ufagio mzima kabisa, shida ni ulivyofungwa.

Naongelea zile trekta ndogo za viwanja, za mahotelini na vyuoni, ufagio wa kuzunguka unakaa nyuma kwenye mikono mitatu na unazungushwa na shafti ya PTO, yaani ile sehemu ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini. Ukiufunga unaanza na mkono wa chini wa kushoto maana ule wa kulia trekta nyingi ndo una sehemu ya kurekebisha urefu, unafuata huo wa kulia, alafu wa juu, lokopini zote (pini za kuzuia mikono isichomoke) ndani, shafti unaifunga mwisho, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni kwako sio kwa dereva.

Sasa shafti ndo inakulaga hela. Ni bomba mbili zinaingiana, ikiwa ndefu ukinyanyua ufagio zinagota, na zikigota zinasukuma beringi za PTO. Nimeshafungua moja beringi imekuwa kokoto, dereva anaapa hajagonga kitu, na kweli hakugonga. Pima pale ufagio na trekta vinapokaribiana zaidi, kata bomba zote mbili sawasawa pamoja na kava zake, piga tupa, paka grisi. Ila usikate kwa hasira, zikivutika mwisho bado ziingiane angalau theluthi.

Kingine urefu kutoka chini. Madereva wanaukandamiza wakidhani uzito ndo unafagia, kumbe nyuzi zinafagia kwa ncha, ukizikandamiza zinalala tu na kuisha bure. Mi natafuta sehemu yenye vumbi, trekta imesimama, nashusha ufagio unazunguka kama sekunde 10, nanyanyua, nasogea mbele, nazima, nashuka kuangalia. Ukikuta mstari msafi wa sentimita 5 hadi 10, upana uleule kuanzia kushoto mpaka kulia, umepatia. Ukiwa mpana huku na mwembamba kule rekebisha ule mkono wa kulia, ukiwa mpana kote shusha vigurudumu vya ufagio ili ufagio wenyewe upande juu kidogo.

Na jioni mkipaki jamani, tegemezeni ufagio kwenye vyuma vyake, ukilala umekalia nyuzi kesho yake unaruka ruka kama tairi limepinda rimu afu mnanipigia tena.