Baridi imeingia na nyanya bado kijani? Achana na mbolea, chukua mkasi

Msimu ukianza kukatika simu ninazopigiwa ni zilezile, bwana shamba nyanya zangu zimegoma kuiva, niweke mbolea gani? Jibu langu huwa linawaudhi watu. Usiweke kitu, kata.

Hesabu yenyewe ni hii: ua likishashika linataka kama siku 45 mpaka 60 kuwa nyanya nyekundu, tena hapo joto liwe zuri, baridi inazidi kuvuta siku. Sasa kama umebakiza wiki tano za jua la maana, yale maua mapya unayoyafurahia pale juu yanakula chakula cha nyanya zilizoko chini afu hayakupi kitu. Na mengi hata hayashiki, usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi chavua inakuwa mbovu, ua linanyauka na kudondoka na kikonyo chake. Kwahiyo mi nahesabu kichala cha mwisho chenye matunda ya kueleweka, naacha majani mawili juu yake, nakata kichwa, vichipukizi vya kwapani na maua yaliyobaki natoa yote. Inauma, mara ya kwanza nilikata huku nimegeuza uso.

Kuhusu mbolea, kuna mwaka niliingiwa tamaa nikamwaga urea wakati baridi imeshaanza. Majani yakajaa kama kichaka, unyevu ukakaa humo ndani haukauki, bakajani chelewa ikaingia, ndani ya wiki sina shamba, na mtaalamu ni mimi. Ugonjwa huu unapenda ubaridi na majani yaliyolowa, unaanza na doa kama jani limemwagiwa maji ya moto, ukiligeuza asubuhi na mapema unaona ukungu mweupe pembeni ya doa. Mmea wa hivyo ng'oa, na usiutupie kwenye mboji. Maji mwaga asubuhi, chini kwenye shina, majani yanayogusa udongo ondoa. Ila ukiona zambarau tu chini ya majani usipanike, mara nyingi ni udongo umepoa, mizizi inashindwa kuvuta kirutubisho cha fosforasi hata kama kimo.

Haya, zile ambazo zitagoma kabisa? Chini ya nyuzi 10 nyanya inasimama tu pale mtini, na ikikaa hivyo siku nyingi hata ukija kuiingiza ndani inaiva madoamadoa na haina ladha, so usingoje mpaka jalidi ikukute. Chuma moja ya kijani uikate katikati. Mbegu zikiteleza kwenye ute zikakwepa kisu, wenzake wa saizi ile wamekomaa, wataiva ndani. Kisu kikipita kwenye mbegu zikakatika, bado changa, hizo hata ukae nazo mwezi hazitakuwa nyanya.

Zilizokomaa panga kwenye boksi, mstari mmoja zisilaliane, weka sehemu yenye nyuzi 20 hivi. Dirishani hapana, jua halihitajiki, kinachoivisha ni joto na ile gesi ya ethilini inayotoka kwenye tunda lenyewe, ndo maana ukitupia ndizi mbivu humo zinawahi. Friji sahau. Na kila siku fungua boksi unuse kwanza kabla hujaangalia, iliyoanza kuoza pua inaijua mapema kuliko macho.