Leteni na Watoto wa Mbwa: Kuhusu Siku za Chanjo ya Kichaa cha Mbwa

Kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri mbalimbali nchini Tanzania hutangaza vituo ambako wananchi watapeleka mbwa na paka wao kuchanjwa: ofisi ya serikali ya mtaa, uwanja wa shule, josho, au chini ya mti unaojulikana na kijiji kizima. Tarehe hiyo ni kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, mwaka 1895, ambaye miaka kumi kabla ya hapo alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto yule akapona. Chanjo basi ipo tangu enzi za mababu zetu, na bado Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, takriban wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa kuwa asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, anayemchanja mbwa wake anamkinga mtoto wake na wa jirani kwa wakati mmoja.

Lengo la kampeni hizi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo husika kila mwaka. Wananchi hutuuliza mara nyingi kwa nini iwe kiwango hicho na kwa nini kila mwaka, na swali hilo linastahili jibu kamili. Mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani huambukiza kati ya mbwa mmoja na wawili, idadi ndogo ukilinganisha na magonjwa kama surua kwa binadamu, na ndiyo maana mnyororo wa maambukizi huanza kukatika hata pale ambapo asilimia 20 hadi 40 tu ya mbwa wana kinga. Tatizo ni kwamba kiwango cha siku ya chanjo hakidumu. Mbwa wengi wa vijijini kwetu huishi miaka michache tu. Waliochanjwa hufa kwa magonjwa, ajali na njaa, huku majike wakizaa, na kila mtoto wa mbwa anayezaliwa baada ya kampeni huongeza idadi ya wasio na kinga. Tukianza na asilimia 70, hata baada ya upungufu huo wa miezi kumi na miwili tunabaki juu ya kiwango cha hatari. Tukianza na asilimia 40, miezi michache tu inatosha kuturudisha tulikokuwa.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana tunao hapa hapa nchini. Katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kampeni kubwa za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2003 zimewakinga watu na pia mbwa mwitu, ambao kichaa cha mbwa kiliwahi kuwaangamiza katika mfumo huo wa ikolojia. Kisiwani Pemba ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014, ukarejea mwaka 2016 kupitia mbwa walioingizwa kutoka nje ya kisiwa, kisha ukatokomezwa tena mwaka 2018 baada ya chanjo kurudiwa kwa nguvu. Ninapenda kuutaja mfano wa Pemba kwa sababu ya ule mwaka 2016: kisiwa kilichokuwa salama kilipoteza usalama wake pale tu kinga ya mbwa wake ilipolegea.

Kosa linalotuumiza kuliko yote vituoni ni kuacha watoto wa mbwa nyumbani. Mwenye mbwa humleta dume kubwa linalolinda boma, akadhani wale wadogo wa miezi miwili bado ni wachanga mno kwa sindano. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba katika kampeni za jumla mbwa wote wachanjwe, pamoja na wale ambao hawajafikisha miezi mitatu, nao warudiwe katika kampeni inayofuata. Hao wadogo ndio wanaochezewa na watoto kutwa nzima, wanawalamba usoni na kuwang'ata vidole, na mzazi hajali mkwaruzo wa jino la kitoto. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha naye aletwe, kwa kuwa chanjo hii imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa na haiwezi kumpa ugonjwa wala kudhuru mimba.

Ipo pia hofu kwamba mbwa aliyechanjwa hupoteza ukali na kushindwa kulinda. Chanjo hujenga kinga mwilini. Haigusi tabia ya mnyama. Kinachoweza kutokea ni uvimbe mdogo mahali alipochomwa, au uchovu wa siku moja hadi mbili, kisha anarudi katika hali yake.

Siku ya chanjo, mbwa aletwe na mtu mzima anayemzoea, akiwa amefungwa kamba imara shingoni, na asimame mbali na mbwa wengine kwenye foleni, kwani mapigano ya foleni ndiyo huwajeruhi watu wetu. Paka abebwe ndani ya tenga la kuku au kikapu chenye mfuniko. Akishikwa mikononi hutoroka mara tu asikiapo mbwa wa kwanza kubweka. Kadi ya chanjo utakayopewa itunzwe pamoja na nyaraka nyingine za nyumbani, maana mbwa wako akimng'ata mtu, daktari ataiulizia.

Na mtu akiumwa, awe ameumwa na mbwa aliyechanjwa au asiyechanjwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lisipakwe pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, asiuawe: afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi, kwa kuwa akizimaliza akiwa mzima ni dhahiri hakuwa akiambukiza alipouma. Hata hivyo aliyeumwa asisubiri siku hizo kumi ndipo aanze sindano za chanjo katika kituo cha afya, maana dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kifo ni karibu hakika.

Mbwa mgonjwa si lazima awe mkali. Wengine hupooza taya, mdomo ukabaki wazi huku mate yakimtoka, na mwenye mbwa akadhani amekwamwa na mfupa kooni, akaingiza mkono kuutoa. Mnyama mwenye hali hiyo asiguswe. Afisa mifugo wa kata aitwe mara moja.

Familia iliyokosa siku ya kampeni, au iliyopata mbwa mpya baada ya kampeni kupita, isisubiri mwaka mwingine. Afisa mifugo wa kata anaweza kuelekeza mahali ambapo chanjo inapatikana katikati ya mwaka, na majirani wachache wakijiandikisha pamoja kwake inakuwa rahisi kupanga mtaalamu afike mtaani kwao.