Hiyo Albamu Laini Ndiyo Inayokula Sarafu Zako

Jana nimeletewa albamu nyingine. Mwenyewe aliifungua taratibu, kwa heshima zote, akaniambia: "Nilitafuta yenye plastiki laini kabisa, ili zisikwaruzike." Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi mno, wote wanaozipenda sarafu zao, na kila mara yananiuma kwa sababu najua nitakachokikuta ndani.

Nilipotaka kuchomoa sarafu ya fedha ya ukurasa wa kwanza, haikuchomoka. Mfuko ulikuwa umeing'ang'ania, ikabidi niubandue kidogo kidogo kama plasta iliyoshika kidonda. Usoni ilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndani ya herufi zinazozunguka ukingo kulikuwa na kitu cha kijani, na nilipokigusa kwa ncha ya kijiti cha meno kikavutika kama ute. Mwenyewe akaniomba nimsugulie hiyo kutu. Nikamwambia asithubutu kusugua, na kwamba kutu aliyoizoea haivutiki. Kile kilikuwa kimetoka kwenye plastiki yenyewe.

Plastiki ya albamu hizi laini ni PVC, na PVC kwa asili yake ni ngumu. Mabomba ya maji ni PVC, na hakuna anayeyakunja kama karatasi. Ili ikunjike na kuteleza mkononi, kiwandani huchanganywa na vilainishi, na vilainishi hivyo havijafungamana na plastiki. Vimo ndani yake kama maji yalivyo ndani ya sifongo. Muda unavyokwenda vinahama, vinatoka nje na kutua juu ya chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni sarafu yako. Wakati huohuo PVC yenyewe inachakaa polepole, hasa penye joto na mwanga, na inapochakaa hutoa kloridi ya hidrojeni. Hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya hidrokloriki. Kwa hiyo ule ulaini uliouchagua kwa huruma ndiyo dalili ya kwanza kwamba ndani kuna kitu kinachotafuta njia ya kutoka.

Asidi hiyo hupenda shaba. Usiniambie zako ni za fedha. Fedha ya kiwango cha "sterling" ni asilimia 92.5, zinazobaki 7.5 kwa kawaida ni shaba. Sarafu za fedha za Marekani zilizozoeleka hadi 1964 zina asilimia 10 ya shaba. Na zile nyeupe tunazoziita za nikeli mara nyingi ni robo tu nikeli, robo tatu shaba. Ukijani unatokea hapo.

Kuna hoja ninayoletewa, na siwezi kuipuuza: "Zangu zimekaa humo miaka na hazina doa." Ni kweli, nimeziona. Nimewahi kufungua ukurasa mmoja nikakuta sarafu mbili jirani, moja imeoza na nyingine safi kabisa. Plastiki hazichanganywi kwa kipimo kimoja, na nyumba hazina joto moja wala unyevu mmoja. Siwezi kukutajia siku ambayo ukurasa wako utaanza kutoa jasho. Ndiyo maana sisubiri.

Unaijuaje sasa? Usitegemee maandishi ya kwenye jalada. Kuandikwa "kwa ajili ya sarafu" si ushahidi wa chochote. Anza na pua: ukurasa wenye harufu kali ya pazia jipya la bafuni, uweke kando. Kisha kata kipande kidogo pembeni, kizamishe kwenye maji, ondoa mapovu yote yaliyokishika, ukiachie. Kikielea, si PVC. Yaelekea ni polipropilini au polietilini, na hizo ni salama. Kikizama, usikihukumu bado, kwa sababu poliesta nayo huzama, na poliesta ni miongoni mwa plastiki bora tulizo nazo. Hapo ndipo unapohitaji waya wa shaba. Toka nje penye hewa, ushike waya kwa plaisi, uchome motoni mpaka mwali usiwe na rangi ya kigeni. Ukiwa bado wa moto, uguse nao kile kipande ili kiyeyuke kidogo na kushika, kisha urudishe motoni bila kuvuta moshi wake. Mwali ukiwa kijani kibichi, mna klorini. Toa sarafu zako humo leo.

Cha kutumia badala yake si siri. Kurasa za polipropilini kwa sarafu za kawaida. Kapsuli ngumu za akriliki au polistirini kwa zile unazozihofia, ila uchague kipimo sawasawa, maana sarafu inayocheza ndani ya kapsuli inajikwaruza yenyewe. Vifuko vya poliesta ni vigumu na hupasuka, na ugumu huo ndio unaowafanya watu wavikimbie warudi kwenye PVC.

Fremu za kadibodi zenye dirisha la poliesta nazipenda kuliko zote, lakini pini za stepla zinanitia uchungu. Ukishabana fremu, geuza upande wa nyuma, uzilaze zile pini kwa plaisi mpaka kidole kisihisi kitu. Usipofanya hivyo, ukizipanga kwenye sanduku pini ya fremu moja inatoboa dirisha la jirani yake na kuchora mstari shavuni mwa sarafu isiyo na kosa. Na siku ya kuitoa, ng'oa pini kwanza. Usiivute sarafu ipite katikati yake. Nimeona sarafu iliyopita salama katika mikono ya vizazi ikaharibiwa kwa sekunde moja namna hiyo.

Mipira ya kufungia vitu, magazeti na bahasha za hovyo ziwe mbali, zina salfa. Albamu za zamani za kadibodi nazo zina salfa yake, na huzipa sarafu za fedha mzunguko wa rangi ya dhahabu, zambarau na bluu ukingoni. Hapo msimamo wangu unayumba. Kikemia ni uharibifu, utando mwembamba wa salfaidi ya fedha. Kwa macho, baadhi ni nzuri kiasi kwamba sijawahi kuwa na moyo wa kuziondoa.

Mabaki ya PVC huondolewa kwa asetoni halisi, si kile cha kufutia rangi ya kucha ambacho huwekwa mafuta na manukato. Tumia bakuli la kioo, dirisha wazi, moto mbali kabisa. Loweka, badilisha asetoni, loweka tena, iache ikauke yenyewe bila kufutwa. Kwa fedha na nikeli sina wasiwasi. Kwa shaba nyekundu mkono wangu husita: nimeona zikitoka salama, nimeona pia rangi ikibadilika baadaye, na kwa hiyo naloweka kwa dakika chache tu.

Ile ya jana niliiloweka mara tatu. Ukungu uliondoka wote, na kijani nacho. Tulipoiweka chini ya lenzi, ndani ya herufi mbili kulikuwa na vishimo vidogo vyeusi ambavyo asetoni haiwezi kuvijaza. Mwenyewe aliitazama muda mrefu, kisha akafungua ukurasa wa pili, tukaendelea kubandua.