Kichupa cha damu, bilirubini, na mtoto anayeanikwa juani

Mimi ni mtu wa maabara, niko huku Masasi, kazi yangu ni damu za watu. Damu ikija naizungusha kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zinakaa chini na maji ya juu yanabaki peke yake, kwa mtu mwenye afya maji yale yana rangi ya majani makavu hivi, lakini ikija ya mtu wa manjano, yule aliyegeuka njano macho na ngozi, unajua hata kabla hujapima, ni kama mtu kakoroga binzari mle ndani.

Wiki iliyopita ikaja ya mtoto wa siku nne. Bibi yake kaniambia, "Mwanangu, tumekuwa tunamwanika asubuhi asubuhi, si jua ndo linatoa manjano?" Sikumkatalia, maana kuna ukweli kidogo ndani yake.

Hiyo rangi ni bilirubini. Chembe nyekundu inaishi kama siku 120, ikizeeka inavunjwa, hasa kwenye wengu, chuma chake kinatunzwa kitumike tena na kinachobaki kinageuka kijani kwanza halafu njano. Ushawahi kuona mtu kagongwa mguu kwenye mpira? Alama inaanza nyeusi, siku zikienda inaingia ukijani, mwisho njano, basi ni shughuli ileile ila unaiona kwa macho.

Sasa bilirubini hii mbichi haiyeyuki kwenye maji, figo haziwezi kuitoa, inabidi ibebwe na protini ya albumini mpaka kwenye ini. Ini linaibandika kitu cha jamii ya sukari, ikishabandikwa inayeyuka, inatoka na nyongo kwenda utumboni na huko bakteria wanaigeuza, na ndo inayokipa choo rangi yake ya kahawia. Kwa hiyo mtu akisema choo kimekuwa cheupe kama chokaa na mkojo kama chai ya rangi, mimi nawaza njia ya nyongo imeziba, labda jiwe, labda uvimbe kwenye kongosho.

Ndo maana majibu yetu yana namba mbili, jumla na dairekti. Dairekti ni ile ambayo ini limeshaishughulikia. Jumla ikiwa juu na dairekti ndogo, mara nyingi chembe zinavunjika kwa kasi, malaria au selimundu, au ini linashindwa kubandika. Dairekti nayo ikipanda, basi ini lenyewe linaumwa, hepataitisi B mfano, pombe nayo imo, au njia imeziba. Macho yanaanza kuonekana njano jumla ikifika kama miligramu 3 kwa desilita. Na tafadhali tusiite kila manjano "homa ya manjano", hiyo ni ugonjwa wa kirusi kinachoenezwa na mbu, mambo mawili tofauti.

Turudi kwa mtoto. Vichanga zaidi ya nusu wanapata manjano kidogo wiki ya kwanza, chembe zao ni nyingi na zinakufa mapema na ini bado changa, wengi inaisha yenyewe wakinyonya vizuri. Ila manjano ikitokea ndani ya masaa 24 ya kwanza, au imeshuka mpaka viganja na nyayo, au mtoto analala tu hataki kunyonya, usikae nyumbani hata usiku mmoja. Bilirubini ikizidi inaingia kwenye ubongo, mtoto anaweza kubaki kiziwi au viungo visimtii, na hapo hakuna dawa ya kurudisha.

Na jambo hili nalisema kila siku: zile nguo zilizotunzwa sandukuni na vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, vile vyenye harufu kali, usimvalishe kichanga. Kuna watoto wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinacholinda chembe nyekundu, vidonge vile vinaweza kuwavunjia damu vibaya sana, na sehemu zenye malaria kama kwetu upungufu huo si wa nadra.

Haya, jua. Miaka ya 1950 huko Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona kichanga aliyekaa nje manjano ya ngozi imefifia isipokuwa pale palipofunikwa na shuka. Baadaye kichupa cha damu kikasahaulika dirishani juani, kupimwa bilirubini imeshuka. Mpaka leo mimi damu ya kipimo hiki naiweka gizani. Mwanga unaibadilisha bilirubini umbo ikaweza kutoka bila kusubiri ini liibandike. Lakini taa ya hospitali ni ya bluu, mtoto yuko uchi macho yamefunikwa, masaa na masaa, na mimi napima. Dakika kumi za uani, mtoto kafungwa khanga umetoka uso tu, zinafanya nini? Zinakula siku, basi.

Yule mtoto jumla ilisoma 19. Akawekwa chini ya taa siku ileile. Baada ya siku mbili ikaja damu nyingine, nikaizungusha, nikaangalia kabla ya kupima: binzari imepungua. Ikasoma 11. Bibi alikuwa kasimama mlangoni, nikamwambia, "Bibi, inashuka."