Amekunywa mafuta ya taa, apewe maziwa? Maswali na majibu kuhusu sumu nyumbani

Mtoto amekunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda. Majirani wanataka apewe maziwa ili atapike. Wako sahihi?

Hapana. Ushauri huo utausikia katika kila ploti, Kayole hadi Kawangware hapa Nairobi, na hutolewa kwa nia njema kabisa. Lakini mafuta ya taa huumiza mapafu kuliko tumbo. Ni mepesi mno. Mtoto akitapika, mafuta huteleza hadi kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia. Basi asitiwe kidole kooni, asinyweshwe maji ya chumvi, maziwa wala yai bichi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkalishe wima, mwende hospitali. Akiwa anacheza tu, nenda vilevile: kikohozi na kuhema vinaweza kuchelewa, ndiyo maana madaktari humwangalia kwa saa 6 hivi kabla ya kumruhusu arudi nyumbani.

Na kama ni Jik ya kung'arisha nguo, au dawa ya kuzibua sinki?

Asitapike pia. Kilichochoma koo kikishuka kitalichoma tena kikipanda. Asukutue mdomo na kutema. Ndimu au siki ya "kukata makali" usimpe, maana huongeza madhara. Ikimwingia machoni, mmiminie maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, hata kama maji yenyewe ni ya mtungi na bomba la mtaa limekauka tangu juzi.

Nimesikia makaa hufyonza sumu. Nisage ya jikoni?

Ya jikoni ni ya kupikia. Hospitali hutumia unga wa makaa uliotengenezwa maalum, nao hausaidii kila sumu. Kwa mafuta ya taa hautumiki.

Dawa ya kunguni inayouzwa na wachuuzi kwa chupa zisizo na lebo je?

Hizo ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu hata muuzaji huenda hajui kilichomo. Nyingine ni dawa za shambani. Ukiona mtu anatokwa na mate na machozi, jasho linamtiririka, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano na kifua kinakoroma, hapo hakuna la kungoja. Vaa glavu, mvue nguo, mwoshe. Akizimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Akiacha kupumua, mkandamize kifua. Usimpulizie hewa mdomo kwa mdomo, utakula sumu hiyohiyo. Piga 999 au 112, lakini kama ambulensi haionekani na jirani ana gari, tumieni gari. Chupa ibebeni, hata ikiwa tupu, na mkumbuke alikunywa saa ngapi.

Jiko la makaa likiwashwa chumbani usiku?

Moshi usioonekana huua bila harufu. Fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka.

Alikunywa makusudi. Tunaogopa polisi, na pesa hatuna.

Mpelekeni. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kuwa kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mwelezeni daktari ukweli wote; mkisema "ni malaria tu", atatibu malaria huku sumu ikiendelea na kazi yake. Na asiachwe peke yake, hata wodini.