Kabla hujajitolea kuwa mlezi wa kijana, utazame mwaka wako

Wanaokuja kwangu kuomba kuwa walezi wa kujitolea, yaani watu wazima wanaokutana na kijana mara kwa mara ili kuwa naye karibu na kumshauri, huanza kwa kunieleza walichosoma na kazi walizofanya. Ni vizuri kuyajua hayo, lakini mimi huuliza kwanza: mwaka mzima ujao utakuwepo?

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha uchambuzi kuhusu vijana waliopewa walezi kupitia Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani linalounganisha vijana na walezi wa kujitolea. Walionufaika zaidi ni wale waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka: walijiona duni kuliko walivyokuwa mwanzo. Mlezi anayetoweka, basi, anaweza kumwacha kijana pabaya kuliko alipomkuta, kwa kuwa kijana aliyezoea kuachwa hafikirii kwamba umebanwa na kazi. Huamua kwamba kasoro ni yake.

Kwa hiyo kama unatarajia kuhama, au kuna masomo mazito mbele yako, subiri. Hakuna aibu katika kusubiri.

Ukishaanza, zuia hamu ya kumnyoosha. Naona walezi wenye nia safi kabisa wakifika siku ya kwanza na orodha ya malengo: alama zipande, marafiki wabadilike. Kijana anaitikia kila kitu, kisha haji tena. Anayedumu naye ni yule anayemwachia achague mtakalofanya, hata kama ni kupiga mpira tu na kuzungumza kidogo. Masuala ya shule atayaleta mwenyewe akishakuamini, na hilo huchukua miezi. Katika miezi hiyo kazi yako kubwa ni kufika siku na saa mliyokubaliana.

Taasisi makini ya kuunganisha walezi na vijana itakuomba wadhamini, itachunguza rekodi zako na kutaka mkutane mahali pa wazi. Usikasirike, isiyouliza lolote ndiyo ya kuogopa. Na usimwahidi kijana siri isiyo na mipaka. Mwambie mapema: "Mengi yatabaki kati yetu, lakini ukiniambia kwamba mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, nitamweleza anayeweza kukulinda." Siku akikwambia, msikilize bila kumhoji kama polisi, usimfuate anayetuhumiwa, na mjulishe mratibu wako, yaani mtu wa taasisi anayekusimamia, siku hiyohiyo.

Fedha usizitumie kununua ukaribu. Akiwa na shida ya kweli, ipitishe kwa mratibu.

Mwisho nao unahitaji maandalizi. Mtajie tarehe wiki kadhaa kabla, mwambie sababu halisi, na mpange pamoja mkutano wa mwisho. Kama mtaendelea kuwasiliana, kubalianeni kwa njia gani na mara ngapi. Kama hamtaendelea, mwambie hivyo ana kwa ana, na umpe nafasi ya kukasirika.